Maji yakinuka dawa msilalamike, yakiacha kunuka ulizeni

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu alilalamika katika ukurasa huu kwamba maji ya bomba siku hizi yananuka dawa, yanaharibu ladha ya chai, na yeye ameamua kurudi kwenye kisima cha jirani. Barua ile niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mke wangu asikie, maana dawa hiyo, klorini ya kuua vijidudu, ndiyo iliyotulisha miaka 27. Nilikuwa fundi wa maabara kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mto Ruvu hadi nilipostaafu.

Masika maji ya Ruvu huingia mtamboni yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa tunapanga vyombo sita vya kioo mezani, kila kimoja na kipimo chake cha shabu, tunakoroga, kisha tunangoja kuona ni kipi tope lake litashikana mabonge na kuzama mapema. Kipimo kilichoshinda ndicho tulichopeleka kwenye matangi. Maji yakishatuama yanapita kwenye chujio la mchanga, na klorini inakuja mwisho. Kuna sababu. Ukiimwaga klorini kwenye tope, inaishia kwenye tope, na vijidudu vinabaki vimejificha humo humo.

Mkufunzi wetu alipenda kutusimulia habari za Hamburg, Ujerumani, mwaka 1892. Mji ule ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Jirani zao wa Altona walichota chini zaidi, uchafu wa Hamburg ukiwa umeshamwagwa, ila wao waliyapitisha kwenye mchanga. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 Hamburg. Altona wakaguswa kidogo tu. Mpakani palikuwa na mtaa ambao upande mmoja watu waliugua na ng'ambo yake wakawa wazima. (Na hao ndio Wajerumani waliokuwa wakitutawala hapa pwani mwaka huo huo.)

Sasa hiyo harufu. Klorini ikishamaliza kazi mtamboni, inatakiwa ibaki kidogo kwenye maji: Shirika la Afya Duniani linasema isipungue miligramu 0.2 kwa lita maji yanapofika kwa mtumiaji. Hiyo ni askari wa njiani. Safari ya maji ni ndefu, na kwa mgawo wetu bomba linaweza kulala tupu siku mbili au tatu. Bomba tupu lenye tundu, likipita mtaroni, linanyonya kilichomo mtaroni.

Mwaka jana mtaani kwetu kishoka mmoja, fundi asiye na kibali, aliunganishia watu maji usiku. Mpira wa plastiki ukapitishwa ndani ya mtaro, maungio yamefungwa kwa vipande vya chubu ya baiskeli. Zamu yetu ya mgawo ilipofika, maji yalianza kutoka meusi, baadaye yakawa meupe kabisa. Nikatoa kifaa changu cha zamani, nikatia kidonge kwenye kichupa. Klorini ikiwepo, maji hugeuka rangi ya waridi. Yalibaki vile vile. Jirani yangu aliyekuwa akijaza madumu akaniambia, "Mzee, leo maji matamu, hayana dawa." Nilimwomba ayachemshe. Wiki ile watoto watatu wa nyumba zile waliharisha. Siwezi kuapa kwamba ni maji, hakuna aliyeyapima ila mimi.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kisimani, kabla hujahama bomba, hesabu hatua kutoka kisima hicho hadi choo cha karibu. Kama harufu inakukera, acha maji ya kunywa usiku mmoja kwenye chombo kilichofunikwa kwa kitambaa safi, asubuhi itakuwa imepungua sana. Kuchemsha nako ni kuzuri, mkaa ukiruhusu, lakini maji yaliyochemshwa hayana askari: kikombe kimoja kichafu kikizama ndani ya ndoo, kazi imeharibika.

Na kwa wanaohusika nina ombi moja. Ratiba ya mgawo tayari hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Ongezeni pembeni safu ya kipimo cha klorini cha bomba la mwisho la mtaa, lile la mbali kabisa na tangi, kwa kila siku ya zamu. Mimi vidonge vyangu vimebaki kumi na moja, na niko tayari kuanza nao.

Mstaafu wa maji,
Kibaha