Usitie sahihi kwanza

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na pole tena. Tangu Jumapili nilipokuacha wodini, mguu umeinuliwa juu ya mito, moyo wangu haujatulia. Na leo mdogo wako kanipigia, ananiambia mtu wa bima ya ile matatu ya ajali kaja mara mbili na karatasi yake. Tafadhali usitie sahihi. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Wakumbuka mkono wangu. Nilikaa kwenye benchi ofisini mwao, plasta ingali shingoni, yule bwana akanifungulia kalamu kabisa na kuniwekea kidole pale pa sahihi. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili, nikatia. Kumbe karatasi ile ilisema nimelipwa madai yangu yote na sitadai tena. Miezi saba baadaye mfupa ukaonekana umeunga upande, daktari akataka auvunje upya. Nikaenda kwa wakili. Aliisoma ile karatasi, akaikunja, akanirudishia. Hadi leo kukuna nazi nategemea mkono wa kushoto.

Haraka ya nini? Sheria ya Kenya inakupa miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya majeraha. Na wewe umetiwa chuma mguuni. Daktari akisema chuma hicho kitatolewa, gharama ya upasuaji huo nayo hudaiwa, mradi aiandike kwenye ripoti yake na wakili aitaje kwenye madai. Ukisaini leo, gharama ya upasuaji huo utaitoa mfukoni mwako.

Maumivu hakimu huyakadiria kwa kutazama kesi zilizopita za majeraha kama yako. Pesa ulizokwisha kutoa hazikadiriwi: kila shilingi na risiti yake. Dawa, magongo, nauli ya kwenda kliniki. Mdogo wako atafute kopo la biskuti, kila kikaratasi kiingie humo, hata kile cha bandeji. Apite na kituo cha polisi achukue abstrakti, ile karatasi ya polisi ya taarifa za ajali, ihakikishwe ina namba ya gari na jina la bima, pamoja na fomu ya P3 ya majeraha ambayo daktari ataijaza.

Na usiniambie tena, "Mie muuza mahamri, nani atanihesabia kipato?" Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya fundi seremala aliyefariki, ilikataa kwamba kipato huthibitishwa kwa makaratasi peke yake. Ilisema msimamo huo ungewadhulumu Wakenya wengi wanaochuma riziki bila kuandika popote. Nilipolisoma hilo nilikuwazia wewe, na yale makarai yako mawili alfajiri. Mwenye duka anayekuuzia unga kila wiki anajua unapika kiasi gani. Makanga wa stegi wanajua. Hao ni mashahidi wako.

Bima ya gari kisheria mwisho wake ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hukumu ikizidi hapo, salio ni juu ya mwenye matatu. Siwezi kukuahidi kiasi. Lakini hesabu yako haiwezi kufanywa ukiwa bado hujui kama utatembea bila gongo.

Alhamisi alasiri nakuja na wakili mmoja ninayemwamini, na uji wa mchele. Mtu yule akirudi kabla, mwambie aiache karatasi mezani, tutaisoma pamoja.

Shogayo wa siku zote