Barua ya wazi kwa wajumbe wa kamati za Bunge: ulizeni ya juzi kabla ya kupitisha ya kesho

Waheshimiwa wabunge, wanangu,

Marahaba, maana najua mngeanza na shikamoo. Nimestaafu ukaguzi wa ndani katika taasisi moja ya umma. Nilikuwa miongoni mwa wale wanaokaa nyuma ya Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, na mafaili mapajani, wakimpitishia vikaratasi mnapombana. Kwa hiyo nawaandikia nikijua tunavyojiandaa mkituita Dodoma.

Jambo langu ni moja. Makadirio ya taasisi, yaani bajeti inayoomba, na hoja zake za ukaguzi, yaani kasoro zilizoandikwa na mkaguzi, hupita milango miwili, na taasisi inaujua huo mwanya kuliko ninyi. Kamati ya sekta inashika makadirio. PAC (Kamati ya Hesabu za Serikali) au PIC (Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma) inashika hesabu. Tazameni kalenda. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi inayofuata, nayo inaingia bungeni Aprili, kwa utaratibu wa Ibara ya 143 ya Katiba. Bajeti mpya inapita kabla Juni haijaisha. Mjadala wenyewe wa ripoti, mwaka 2022 na 2023, ulifanyika Novemba. Basi taasisi iliyokutwa na malipo yasiyo na viambatisho inakuwa imeshapewa fungu jipya na kuanza kulitumia, ndipo inaitwa kujieleza.

Mwanya huo mnaweza kuuziba bila kusubiri sheria mpya. Mnapochambua makadirio, ripoti ya mwaka uliotangulia mnayo tayari. Mjumbe wa kamati ya sekta aifungue mbele ya Afisa Masuuli na kumuuliza: hoja hii ya mwaka juzi, fedha zimerudi? Aliyezilipa yuko wapi leo? Mkijibiwa "tunalifanyia kazi" au "kamati imeundwa", ombeni barua ya kuunda hiyo kamati na tarehe yake. Nimeona kamati za namna hiyo zikiundwa wiki moja kabla ya safari ya Dodoma.

Wapo watakaowaambia Bunge halina ubavu, kwa kuwa Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja likikataa bajeti. Ibara ipo, lakini inahusu bajeti ya Serikali. Kuibana taasisi moja kwenye kamati hakuvunji Bunge. Mwaka 2014 PAC iliposhikilia suala la akaunti ya Tegeta Escrow, yaani fedha za mgogoro wa TANESCO na IPTL zilizokuwa zimewekwa Benki Kuu, ikiwa na ukaguzi maalumu wa CAG mkononi, Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu Desemba, na kabla Januari haijaisha mawaziri wawili walikuwa nje. Ubavu ulionekana.

Sasa niwape siri za jikoni kwetu. Ya kwanza ni hati inayoridhisha. Mkurugenzi atafungua maelezo yake kwa kuitaja, na wengine mtapiga meza. Hati ile inasema hesabu zimeandaliwa kwa viwango na zinaonyesha hali halisi kwa kiasi cha kuridhisha. Haisemi kwamba jengo lilistahili bei iliyolipwa, wala kwamba mashine iliyonunuliwa inatumika. Hayo yamo kwenye kurasa za ndani za ripoti ya CAG na kwenye ripoti za ukaguzi wa ufanisi, ambazo hazina mshabiki.

Ya pili ni Juni. Fedha za Hazina zikichelewa, taasisi hukimbizana kuzimaliza kabla mwaka haujafungwa. Ombeni orodha ya malipo ya wiki mbili za mwisho za Juni, kisha hati za kupokea vifaa vilivyolipiwa. Malipo siku hizi yanapita MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini, na zabuni zinapita NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, kwa hiyo taarifa itolewe moja kwa moja kwenye mfumo. Msikubali jedwali lililochapwa upya na ofisi ya uhasibu. Tunajua kuyapendezesha majedwali.

Ya tatu, makabrasha. Tukiyaleta usiku wa kuamkia kikao, hatukuchelewa; tumekusudia msipate muda wa kuyasoma. Kirudisheni kikao na mpange siku nyingine.

Ujumbe wenu kwenye kamati ni wa nusu ya uhai wa Bunge, kisha mnapangwa upya. Taasisi inahesabu miezi hiyo. Swali gumu likija, tunaahidi mpaka mwulizaji ahame. Mwambieni katibu wa kamati atunze rejista ya kila ahadi: nani aliitoa, siku gani, na ushahidi gani uliletwa. Nakala moja iende kamati ya sekta kabla ya kila msimu wa bajeti, na mjumbe mpya akabidhiwe siku ya kwanza.

Mkienda kukagua mradi, magari, mafuta na chakula vitoke kwenye fungu la Bunge. Nimeshuhudia ziara ambayo ratiba yake iliandaliwa na mkaguliwa, na ghala lenye shida halikuwemo. Chagueni wenyewe pa kusimama, na mwenyeji mwambieni asubuhi hiyohiyo.

Mzee wenu,
mkaguzi mstaafu