Mwanangu, Lipapase Hilo Jiwe

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Mama yako hajambo, bibi yako goti linamsumbua lakini anatembea. Ndani ya kifurushi kuna unga, kopo la samli, na chini kabisa nimefunga jiwe kwa gazeti. Usilitupe ukidhani nimekosea kufunga. Kwanza soma barua hii yote, halafu lifungue.

Ulipopiga simu juzi ukasema jiolojia imekushinda, kwamba mikunjo na mipasuko ya miamba haikuingii akilini, na kwamba unafikiria kuhamia biashara, nilinyamaza. Mama yako akadhani nimekasirika. Sikukasirika, mama. Nilikosa maneno ya kusema kwa simu, maana hayo uliyoyataja ndiyo niliyokaa ndani yake miaka 11. Unayachora kwenye karatasi. Mimi nimeyapita kwa tumbo, tochi kichwani. Nikasema bora niandike.

Unajua nilikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanaiti, huku Mirerani. Hilo hujawahi kufichwa. Lakini sijawahi kukueleza tulikuwa tunafuata nini. Watu wa mbali hudhani tanzanaiti imetapakaa ardhini kama viazi, ukichimba popote utapata. Si hivyo. Tulikuwa tunafuata tabaka. Kuna mwamba mweusi wenye kinywe, ile grafiti ya kwenye penseli, unaokuacha mikono na uso kama uliyefuta sufuria ya kuni, na jirani yake kuna marumaru nyeupe. Hayo matabaka yanakwenda pamoja, yanazama pamoja, yanakunjika pamoja. Ukipotea katikati ya marumaru hata ulipue baruti mwaka mzima, unavunja mawe tu. Mchimbaji mzuri ni yule anayejua kila siku, akiwa gizani, yuko tabaka gani.

Nilichokuja kujua baadaye sana, kutoka kwa mjiolojia aliyekuja kupima vitalu na akakubali kunywa chai na sisi, ni kwamba matabaka yale yalikuwa mashapo ya bahari. Hapa Simanjiro, ambapo ng'ombe hutembea siku nzima kutafuta maji, palikuwa na bahari! Kinywe kile ni tope jeusi lililojaa mabaki ya viumbe vidogo vya majini. Marumaru ilikuwa mawe ya chokaa, ndugu ya yale ya Tanga, ila ya zamani mno. Kisha mabara mawili yakakutana, bahari ikabanwa katikati mpaka ikakosa pa kukaa, na tope na chokaa vikasukumwa chini kilomita nyingi kwenye joto la kutisha. Hapo ndipo mlima ulipojengwa. Mambo hayo yalitokea zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mlima wenyewe umeshalika na mvua na upepo, na hivi vilima vya Lelatema unavyoviona ni mizizi yake tu. Kilimanjaro tunaoutazama asubuhi kwa heshima yote, umri wake haufiki miaka milioni 3. Ukilinganisha na vilima vyetu, ule ni mtoto mchanga.

Nilipoambiwa hivyo nilitoka nje nikakaa peke yangu. Nilikuwa nimejipaka ile bahari usoni kila siku, nimeitema kwa kikohozi, na sikuwa najua.

Sasa twende kwenye mikunjo yako. Chukua mkeka, uulaze sakafuni, weka miguu upande mmoja na usukume upande wa pili. Unanyanyuka na kujikunja. Huo ndio mkunjo wa kwanza na sidhani kama ndio unaokusumbua. Sasa ukunje tena mkeka ule ule uliokwisha kunjika, kutoka upande mwingine. Umeona? Ndiyo maana mchoro wako haueleweki: mwamba wa hapa ulikunjwa, ukakunjwa tena. Tulikuwa na mahali ndani ya mgodi ambapo tabaka la kinywe lilikuwa chini ya miguu yetu, baada ya hatua chache likawa ukutani, halafu likatupita kichwani kama dari. Tabaka ni lile lile. Penye kona ya mkunjo, pale linapogeuka, ndipo wazee walipotuambia tutulie, tuache pupa na tutumie patasi badala ya baruti. Walikuwa sawa. Kwenye kona mwamba huachia nafasi, na penye nafasi maji ya moto hupita na mawe huota.

Kitu kingine utakifahamu kwa unga huu niliokutumia, ingawa wa ngano ungefaa zaidi. Kanda donge, weka katikati ufito wa unga uliokandwa mkavu zaidi, kisha vuta donge pande zote mbili. Unga unanyooka, ufito unakatika vipande vipande, na unga unajipenyeza kwenye mianya. Mwamba mgumu uliokaa katikati ya mwamba laini unafanywa hivyo hivyo. Kwenye ile mianya tulipata mifuko, na ndani ya mifuko mawe yamesimama safi, wakati mwingine pamoja na garneti ya kijani, na vioo vya kalisaiti, na zile punje za dhahabu bandia zilizowadanganya wageni wengi.

Na tanzanaiti yenyewe, mama, haiwezi kuzaliwa na tabaka moja. Inahitaji kalisi, na yenye kalisi ni chokaa. Inahitaji alumini na silika, na hizo zilikuwa kwenye tope. Rangi inaletwa na vanadi iliyokuwa imefichama mle kwenye tope jeusi la kinywe. Maji ya moto yakapita katikati yakachukua huku, yakachukua kule. Ikitoka ardhini mara nyingi ni ya kahawia, na ndiyo sababu husimuliwa kwamba Wamasai waliiona ya buluu baada ya moto kupita nyikani. Mpaka leo inapashwa moto ili iwe buluu. Ilipotambuliwa mwaka 1967 dunia haikuwa na jina lake. Jina tanzanaiti lilitolewa mwaka 1968 na kampuni ya vito ya Marekani. Kaeneo kenyewe ni ka kilomita chache tu, hako kaliko ndani ya ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa mwaka 2018. Nje ya hapo haijapatikana ya kuchimbwa kibiashara popote duniani.

Sasa jiwe.

Mwaka wa sita wangu mgodini tulipoteza mshipa. Tulikuwa tunaufuata vizuri, kinywe kipo, dalili zote zipo, tajiri ameshaanza kutuahidi mambo. Asubuhi moja baada ya baruti kupoa tukazama, tukakuta mbele yetu ukuta wa marumaru. Kinywe kimekatika kama kwa panga. Tukachimba mbele wiki tatu. Marumaru. Tukashuka chini wiki mbili nyingine. Marumaru. Chakula kikapunguzwa, tukawa tunakula mara moja kwa siku. Wenzetu wengine wakaanza kusema kuna mtu ametufunga, wakataka kuchanga tuite mganga. Nami nilikuwa tayari kuchanga, sikufichi.

Kulikuwa na mzee mmoja, mtu wa Singida, hakuwahi kukaa darasani zaidi ya miaka minne. Akaomba apewe taa na asisemeshwe. Akarudi mpaka pale ambapo kinywe kilikatika, akafuta vumbi kwa shati lake. Ule ukuta ulikuwa laini, unang'aa, una mistari mistari kama mbao iliyopigwa randa. Akaweka kiganja, akakipeleka juu. Kikakwama. Akakipeleka chini. Kikateleza. Akarudia mara nyingi, macho amefumba. Kisha akatuita mmoja mmoja tupapase. Akasema: "Miamba ilisuguana hapa. Upande wetu, huu tuliokwisha kuuchimba, ndio ulioshuka, kule kiganja kinakoteleza. Ule wa mbele ulibaki juu. Mnatafuta chini kitu kilichobaki juu."

Tukageuza. Tukapanda tukiufuata ule ukuta, kazi mbaya sana, vifusi vinakuangukia usoni. Baada ya siku 16 patasi ikatoka nyeusi. Sijasahau ile sauti, maana kinywe hakilii kama marumaru. Kinapokea patasi kimya. Mgodi ulitema miezi miwili baadaye. Si mawe ya kutangazwa redioni kama yale mawili ya mwaka 2020 yaliyouzwa shilingi bilioni 7.74. Mgao wangu ulinunua bati za nyumba hii uliyokulia na ng'ombe mmoja. Lakini siku ninayoikumbuka kwa furaha si siku ya mgao.

Unajua sasa kile ulichokiita kwenye simu "mipasuko sijui inaelekea wapi". Mwamba ukiwa chini kwenye joto, unakunjika. Ukishapanda juu ukapoa, haukunjiki tena, unapasuka, na ukipasuka upande mmoja huhama. Ndivyo lilivyo Bonde la Ufa lenyewe: ule ukingo tulioupanda na basi kutoka Mto wa Mbu, ukiwa darasa la tano ukatapika, ni ukuta ule ule aliopapasa mzee, ila mkubwa kupita macho. Kule nako upande wa Ziwa Manyara ndio ulioshuka.

Nilirudi baadaye kwenye ule ukuta nikabandua kipande, ndicho hicho. Mzee alinigombeza kwanza. Akasema jiwe ukilitoa bila kuweka alama umelifanya bubu, hutajua tena juu ni wapi. Basi kabla ya kulitoa nikachonga mshale kwa msumari, unaelekea juu. Utauona ubavuni, umefifia kidogo.

Sikutaja kifua changu na sitakitaja sana, unakijua. Wala sitasahau mwaka 2008, maji ya mvua yalipoingia migodini na kupita kwenye mitobozano, shimo moja hadi jingine, wakafa watu niliokula nao. Migodi ile ilikuwa imetobozana bila mtu mmoja kuwa na ramani ya yote. Kila mmoja alijua tundu lake. Nilikaa mvuani usiku ule nikawaza kama kungekuwa na mtu wa kuchora matabaka yale, mashimo yale, na maji yatakapopita. Ulikuwa mdogo bado. Sikukupangia wewe kazi hiyo wakati ule na sikulazimishi leo. Ukiamua biashara, ada nitalipa vile vile.

Ila usiache kwa sababu eti huna akili ya hayo mambo. Una umri wa miaka 20 na umeanza kuuliza mwamba ulihama kwenda wapi. Mimi niliuliza swali hilo nikiwa na 31, nikiwa na njaa, na wa kunijibu alikuwa mmoja tu.

Yule mzee bado yupo, anakaa kwa binti yake nyuma ya soko. Macho yamekwisha. Ukija likizo uje na ile dira ya kupimia mwinamo uliyosema mnagawana watu wanne, omba wakuazime. Nitakupeleka kwake, halafu vilimani nje ya ukuta, kuna mahali marumaru imejitokeza juu ya ardhi na mkunjo unaonekana wote, mbuzi wanalala juu yake. Mambo anayoyajua mzee hayajaandikwa popote, na mwandiko wangu unauona ulivyo.

Sasa fungua gazeti. Shika jiwe mshale ukitazama juu, osha mikono kwanza isiwe na samli, fumba macho, upapase juu na chini polepole. Kisha nipigie uniambie kiganja chako kimekwama wapi.

Ni mimi baba yako,
Mirerani