Barua kwa rafiki aliyeko Salalah

Mombasa

Rafiki yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba kazi umekwishaizoea. Kwa kuwa uko huko Oman, karibu na Rub' al-Khali, lile jangwa kubwa la mchanga la Arabuni, sina budi kukuandikia habari za mtu aliyenikaa moyoni, Muhammad al-Auf, Bedui wa kabila la Rashid.

Huku kwetu Wilfred Thesiger anajulikana, kwani Mwingereza huyo aliishi miaka mingi Maralal, na husifiwa kwa kuivuka Rub' al-Khali mwishoni mwa mwaka 1946. Aliivuka, sikatai; lakini njia ilikuwa kichwani mwa al-Auf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameupita mchanga ule peke yake, na alipoulizwa alifuatana na nani, alijibu kuwa alikuwa na Mungu.

Wenzao wengi waligeuka njiani, wakabaki watu 5, wenye chakula haba na viriba vya ngozi ya mbuzi vilivyokuwa vikivuja. Siku moja Thesiger alimpongeza al-Auf akidhani wamekwishaimaliza milima ya mchanga ya Uruq al-Shaiba, naye akamweleza kwamba wangeifikia kesho yake. Walipofika, al-Auf alitangulia kutafuta pa kupandia huku wengine wakimngoja, kisha akarudi na kuwapandisha ngamia polepole, hatua kwa hatua, kwani kupoteza ngamia pale ni kupoteza maji na uhai.

Baadaye, wakiwa wamekaa siku nyingi bila nyama, walipata sungura mmoja. Kitoweo kilipokuwa tayari, wakatokea Waarabu 3 juu ya mchanga; wakakaribishwa, wakapewa kitoweo chote, na wenyeji wao wakashinda na njaa huku wakiwaapia kwamba ujio wao ni baraka. Sisi husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini sijui kama ningeweza kuusema msemo huo kwa moyo mweupe mbele ya chungu kile.

Naona ni dhuluma kwamba wengi humtaja Thesiger peke yake. Tafadhali, ukikutana na wazee wa Rashid huko mkoani kwenu Dhofar, waulize kwa adabu wanamkumbukaje al-Auf, na unachoambiwa uniandikie chote, hata kiwe kidogo.

Wasalaam,
Rafiki yako