Barua ya wazi kwa vijana wa Tanga wanaoomba kazi wakiwa na hukumu ya zamani

Wanangu mliotoka Maweni na magereza mengine, nanyi mliolipa faini mahakamani mkarudi nyumbani siku ileile mkidhani mambo yamekwisha,

Salaam. Mnivumilie, kwa sababu ninaandika nikiwa na hasira. Kijana mmoja wa hapa kwetu Ngamiani ameachishwa kazi ya ukarani wa ghala, kazi aliyoifanya vizuri bila kuiba hata msumari, kwa ajili ya neno moja alilolijaza katika fomu ya maombi. Fomu iliuliza kama amewahi kutiwa hatiani na mahakama, naye akaandika "hapana". Baadaye mwajiri alitaka cheti cha polisi kwa wafanyakazi wote, na alama za vidole zikatoboa siri. Kosa lenyewe lilikuwa la ujanani, na mkuu wake aliniambia kwamba kama lingetajwa mapema wangelizungumza likaisha. Walichoshindwa kukisamehe ni kudanganywa.

Wanaonikera zaidi ni washauri wake. "Andika hapana, nani atakwenda Maweni kuuliza?" Hivyo ndivyo walivyomwambia barazani, na hadi leo wanaendelea kunywa kahawa palepale huku mwenzao akihangaika na vibarua na ana mtoto mchanga. Kwa muda mrefu wa utumishi wangu nilikuwa upande wa pili wa meza, nikipokea maombi na kuyachambua, kwa hiyo ninajua kwamba mwajiri hana haja ya kufunga safari kwenda gerezani. Cheti cha polisi hutolewa baada ya alama za vidole kulinganishwa na kumbukumbu zilizohifadhiwa, na mtu akibadili jina, akatanguliza la babu yake au akaongeza herufi, vidole vyake havibadiliki. Mwenye kununua cheti cha kughushi ndiye mjinga kuliko wote, kwa sababu kughushi ni kosa jipya la jinai, nalo halitaitwa la ujanani. Kumbukeni pia kwamba Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zinazotumika katika migogoro ya kazi, zinahesabu ukosefu mkubwa wa uaminifu kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi hata kama ni kosa lake la kwanza. Njia ya mwongo ni fupi.

Hata hivyo sisemi mjianike. Someni swali kwa makini, kisha mjibu lililoulizwa. Kukamatwa ni jambo moja, kushtakiwa ni jingine, na kutiwa hatiani ni la tatu. Aliyeachiwa huru na mahakama hakutiwa hatiani, na Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hajathibitika kuwa nalo. Kwa upande mwingine, aliyelipa faini katika Mahakama ya Mwanzo alitiwa hatiani, ingawa hakulala gerezani hata usiku mmoja, na hapo ndipo wengi wenu mnapojikwaa bila kukusudia. Aliyetoka kwa msamaha wa Rais asidhani kwamba kupunguziwa kifungo ni sawa na kufutiwa hukumu. Ninyi mnaotamani ubaharia mjue kwamba fomu ya viza ya Marekani inauliza juu ya kukamatwa na kutiwa hatiani hata kama mtu alisamehewa. Pasipoulizwa kitu, hamna sababu ya kutangaza, isipokuwa kazi yenyewe inagusa kosa lako: aliyeiba fedha anayeomba kushika fedha aseme mwenyewe, kabla hajasemewa.

Namna ya kusema ndiyo inayowashinda. Niliwahi kumsikiliza mwombaji aliyeulizwa juu ya hukumu yake akaanza na mama wa kambo, akapita kwa askari aliyemwonea, akamlaani hakimu, kisha akalia. Alipomaliza hatukujua alifanya nini, ila tulijua kwamba kila mtu alikosea isipokuwa yeye. Mwingine aliandika mistari michache na kuiambatanisha na barua ya maombi: mwaka fulani nilitiwa hatiani kwa kuvunja duka, nikahukumiwa kifungo cha miezi 18, nikakitumikia, tangu nilipotoka nimekuwa nikifanya useremala, na fundi ninayefanya kazi chini yake yuko tayari kuulizwa. Huyo tulimwita kwenye usaili, akapata kazi. Taja kosa kwa jina lake, taja mwaka na adhabu, sema umefanya nini tangu hapo, kisha nyamaza. Usiseme "nilipata matatizo kidogo". Mwenye duka lililovunjwa hakuyaona kuwa kidogo.

Tunzeni nakala za hukumu. Tafuteni mdhamini anayewajua kwa kazi, asiwe mjomba. Msipoteze nauli kuomba nafasi za vyombo vya ulinzi na usalama ambazo tangazo lake linawakataa waliowahi kutiwa hatiani.

Nanyi waajiri wa mji huu, msifurahie barua hii mkadhani haiwahusu. Mnadai ukweli, kisha kila fomu yenye neno "ndiyo" mnaitupa kapuni bila kuuliza ni kosa gani na la lini, halafu mnashangaa vijana wakijifunza kusema uongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imetaja mambo mengi ambayo mtu asibaguliwe kwayo, na hukumu ya zamani haimo. Uingereza, tangu mwaka 1974, hukumu nyingi huhesabiwa kuwa zimekwisha baada ya muda kupita, na mtu halazimiki kuzitaja kwa kazi za kawaida. Katika jimbo la Hawaii, mwaka 1998 waajiri walizuiwa kuuliza habari hizo kabla ya kumwahidi mtu kazi. Hapa kwetu, Ibara ya 67 ya Katiba inamzuia aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi asigombee ubunge kwa miaka mitano, kisha mlango unafunguka. Mbunge amewekewa kikomo. Mchukuzi wa mizigo aliyeiba baiskeli akiwa na miaka 19 hana.

Kwa mliokwisha kujaza "hapana" nanyi mko kazini sasa: msingoje cheti kidaiwe. Nendeni kwanza kwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi au kituo cha msaada wa kisheria mkapate ushauri, kisha andikeni barua fupi kwa afisa utumishi, mkisahihisha jibu lile na kueleza hukumu kama nilivyoonyesha. Mnaweza kuachishwa, sitawaficha hilo. Ipelekeni kwa mkono, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwenu.

Mzee wenu,
Ngamiani, Tanga