Msiseme mtoto "kazaliwa nacho"

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilitoa picha ya msichana wa miaka tisa anapiga fidla, na chini yake mkaandika kuwa kipaji hicho "kazaliwa nacho". Picha nimeikata nikaibandika ukutani. Maneno yale ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Mimi ni mpiga fidla wa taarab, mwaka wa 43 huu. Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu wetu wa skuli alinitoa kwenye safu ya waimbaji, akasema sikio la muziki sina. Neno lile lilinikaa kifuani mpaka nilipotimia miaka 14, mjomba aliponichukua mazoezini kila usiku. Mwaka mzima sikugusa upinde. Nilimbebea fidla yake, nikaketi ubavuni pake, nikasikiliza. Nilipopewa ala, nyimbo zilikuwa zimeshanijaa, kazi ikabaki ya vidole.

Kwa hivyo niliposoma habari za Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Japani, niliona nasimuliwa mimi. Alizaliwa Nagoya mwaka 1898. Baba yake alikuwa na kiwanda cha fidla, na mtoto aliziona kama vitu vya kuchezea tu. Alikuwa na miaka 17 aliposikia santuri ya mpiga fidla Mischa Elman anapiga "Ave Maria" ya Schubert. Alichukua fidla kiwandani, akaanza kuigiza santuri kwa sikio, peke yake. Miaka 17, Mhariri! Mwaka 1921 akaenda Ujerumani, akasoma Berlin kwa mpiga fidla Karl Klingler, akaoa huko huko, kisha akarudi kwao.

Siku moja baba mmoja alimletea mtoto wa miaka minne, Toshiya Eto, amfundishe. Suzuki hakujua mtoto mdogo kiasi kile aanze naye wapi. Alilifikiri sana, mpaka likamjia: watoto wote wa Japani wanazungumza Kijapani! Na kweli, nani amewahi kusikia mama analalamika kwamba mwanawe hana kipaji cha lugha ya nyumbani? Mtoto husikia kwanza, miezi na miezi. Akitamka neno moja nyumba nzima inashangilia, naye hulirudia mchana kutwa. Herufi huja baadaye.

Basi akafundisha fidla hivyo hivyo. Mama hujifunza kwanza, mtoto amwone, aitamani. Santuri hupigwa nyumbani kila siku. Fidla yenyewe hukatwa kwa kimo cha mtoto, zipo mpaka za kipimo kiitwacho moja ya kumi na sita. Na wimbo ukishajulikana hauachwi, unarudiwa mpaka ulainike. Eto alikuja kuwa mpigaji mashuhuri.

Vita vilipokwisha, mwaka 1946, Suzuki alianza kufundisha katika mji wa Matsumoto, nchi ikiwa bado na njaa. Alikuwa na mwanafunzi mwingine wa zamani, Koji Toyoda, aliyebaki yatima. Alimtafuta kwa tangazo la redio mpaka akampata, akamlea. Mimi hapo ndipo nilipompenda mtu huyu, kuliko hata pale mwaka 1961, Pablo Casals, mpiga sello mashuhuri, alipowasikia watoto wa Suzuki wapatao 400 wanapiga pamoja jijini Tokyo, akalia.

Wako wanaolalamika kuwa watoto wa Suzuki huchelewa kusoma nota. Linaweza kutokea, mwalimu akiwa mvivu. Lakini nota zinafundishika wakati wowote. Sikio lililonyimwa nyimbo utotoni lina kazi kubwa zaidi.

Nina mwanafunzi, mtoto wa mchuuzi wa samaki. Alikuja hatofautishi uzi wa juu na wa chini. Nilimtilia mama yake nyimbo nane kwenye simu, nikamwomba azifungulie jikoni anapopika, kila siku. Mwezi wa saba wa mafunzo, mtoto alinisahihisha mimi mahali nilipoteleza, na alikuwa sawa.

Yule msichana wenu ana jirani zake, nao wamesoma yale maneno chini ya picha. Wazazi wangapi wamemtazama mtoto wao wakasema huyu wetu hakuzaliwa nacho, wakamwacha? Tafadhali rudini nyumbani kwa msichana. Waulizeni nani alikuwa akikaa naye jioni, na redio ya nyumbani ilikuwa ikipiga nini. Jibu hilo liandikeni chini ya picha ya pili.

Wako,
Mpiga fidla,
Mwembetanga, Unguja