Mchumba wangu alikiri mwenyewe kunisaliti. Nifunge naye ndoa?

Shangazi, shikamoo. Wasomaji wenzangu, poleni na majukumu.

Mimi ni kijana wa miaka 32, fundi wa kuchomelea hapa Arusha, kwetu ni Kibosho. Natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma, na namshukuru Mungu kazi hazikosekani. Nina mchumba niliyemtambulisha nyumbani mwaka 2023. Mshenga alikwenda kwao akapokelewa vizuri, mahari ikatolewa, mbege ikanywewa, bibi yake akapewa blanketi lake. Harusi imepangwa wiki ya Krismasi, wakati ndugu wa Dar na wa mikoani wote wamepanda nyumbani. Kamati imeshakaa, mwenyekiti ni baba mdogo, na kadi za mchango zimegawiwa: 50,000 kwa mtu mmoja, 100,000 kwa wawili. Ukumbi tumeulipia nusu. Mwishoni mwa Novemba tunaanza kutangazwa kanisani. Naandika kwa sababu mpaka sasa sijui kama niache majina yetu yasomwe.

Mwaka jana mwenzangu alipata kazi ya mkataba Mwanza, upande wa mikopo midogo midogo. Tulikubaliana aende, kwa sababu hela ile ingetusaidia kumalizia nyumba. Alirudi Arusha mwezi wa pili mwaka huu mkataba ulipoisha, na mimi sikuona tofauti yoyote kwake. Ni yule yule, mkimya kidogo mbele za watu, mchangamfu tukiwa wawili.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye mafundisho ya ndoa. Siku hiyo katekista alifundisha habari ya ridhaa. Alisema ndoa inafungwa na ridhaa ya wawili, na kwamba mtu akimdanganya mwenzie kwa makusudi katika jambo zito ili tu akubaliwe, ridhaa ile inaweza kuwa na kasoro na ndoa yenyewe isiwe halali mbele ya Kanisa. Niliona mwenzangu ameacha kuandika kwenye daftari lake. Tulipotoka, badala ya kwenda kituoni kupanda daladala, aliniomba tukae kwenye ngazi za ukumbi wa parokia. Alikuwa ameshika bahasha yenye vyeti vyetu vya ubatizo na kipaimara, akawa anaikunja pembe na kuikunjua mpaka ikachanika. Akasema, "Nina jambo la kukuambia, na ukishalisikia una haki ya kuondoka."

Aliniambia kwamba kule Mwanza alikuwa na uhusiano na mwanaume mwingine, mtu wa kazini. Ulianza baada ya Pasaka, ukaendelea kwa miezi kadhaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeukata kabla ya kurudi. Hakusema shetani alimpitia, wala hakusingizia pombe au upweke. Alisema, "Nilijua ninachokifanya, na nilijua kuna wewe." Nilimuuliza maswali mengi siku ile na siku zilizofuata, mengine ya kuumiza, na kila swali alilijibu. Sijawahi kumkamata anajikanganya.

Shangazi, naomba nieleze kinachoniuma zaidi, kwa sababu nadhani watu wakisikia "amechepuka" wanafikiria kitendo cha mwili tu. Wakati wote aliokuwa Mwanza, tulikuwa tunasali rozari pamoja kwa simu kila usiku kabla ya kulala. Yeye anaanzisha fumbo, mimi naitikia, tunapokezana mpaka mwisho. Ndiyo ilikuwa namna yetu ya kuwa pamoja wakati tuko mbali. Sasa siku hizi nikishika rozari peke yangu nafika kumi la pili nasimama. Najiuliza ni usiku upi alisali na mimi akiwa ametoka kwa mtu yule, na ni usiku upi mtu yule alikuwa amekaa pembeni anasubiri amalize. Hilo nililimuuliza pia. Alilia, akasema hakuwahi kusali mtu yule akiwepo. Namwamini, lakini kumwamini hakujaniondolea maumivu.

Na bado kuna upande mwingine ambao siwezi kuuficha. Katika miezi hiyo hiyo baba yangu alilazwa KCMC kwa ajili ya presha na figo. Mimi nilikuwa nimekwama, wateja wawili walikuwa hawajanilipa. Mwenzangu alituma hela ya dawa bila kuombwa, na alikuwa anampigia mama kila asubuhi kumuuliza mzee ameamkaje. Mpaka leo baba anamwita "mwanangu", mimi ananiita kwa jina. Yule aliyekuwa ananisaliti na yule aliyekuwa anamuuguza baba yangu kwa simu ni mtu mmoja, na sijui nifanye nini na habari hiyo. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya moja kwa moja.

Suala la afya tumelimaliza. Mimi ndiye niliyesema tukapime tena virusi vya UKIMWI pamoja na magonjwa mengine ya zinaa, naye hakubisha. Tulipima siku moja, tukapewa majibu tukiwa tumekaa pamoja, na wote tuko salama. Mtoa ushauri alitueleza kwamba kwa kuwa uhusiano ule uliisha zaidi ya miezi 3 kabla ya kupima, majibu ya VVU ni ya kuamini.

Nimemwambia mtu mmoja tu, dada yangu mkubwa. Na hapo ndipo kichwa kiliponivurugika zaidi.

Dada ameolewa Machame. Miaka kadhaa nyuma ilijulikana kwamba shemeji ana mtoto wa nje. Wazee wa pande zote walikutana, nami nilikuwepo, kijana tu wa kuwahudumia kumimina mbege. Shemeji alitozwa mbuzi. Dada aliambiwa kwamba mwanamke ni kuvumilia, kwamba nyumba hujengwa na mama, kwamba wanaume ndivyo walivyo, arudi akalee watoto. Kikao kilikwisha kabla jua halijazama. Hakuna aliyemuuliza dada kama amesamehe. Mtoto yule aliletwa pale nyumbani, dada amemlea, yuko darasa la sita na anamwita mama.

Kwa hiyo nilipomweleza shida yangu, nilitegemea aseme moja kati ya mawili: ama "mwache", kwa hasira ya yaliyompata, ama "samehe", kwa kuwa yeye mwenyewe alisamehe. Aliniambia hivi: "Usimsamehe kwa sababu mimi nilisamehe. Mimi sikuulizwa. Wewe umeambiwa ukweli na mtu ambaye hakuna aliyemkamata, na umepewa nafasi ya kuchagua. Chagua wewe mwenyewe." Halafu akaongeza neno ambalo limenikaa: "Na ukichagua kumwacha, usiwape wazee sababu. Wakijua, watamsema yule binti mpaka anazeeka, na hakuna hata mmoja atakayekumbuka kwamba alikiri."

Najua anasema kweli. Najua baba mdogo angesema nini. Yule yule aliyemwambia dada avumilie angeniambia mimi nirudishiwe mahari kesho asubuhi. Vijana wa kijiweni kwangu wana msemo wao, kwamba mwanaume akichepuka mwili ndio umekwenda, mwanamke akichepuka ameshahamisha moyo. Wanausema wakizungumzia wake za watu wengine, hawajui kwamba mimi nasikiliza nikiwa na jambo langu. Siamini kwamba Mungu ameweka amri mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Lakini nitasema ukweli, msemo ule umeniingia. Usiku najiuliza, je, kama kweli moyo ulihama, umerudi? Na je, nisingemtilia shaka hivi kama ningekuwa mimi niliyefanya na yeye ndiye anayetakiwa kusamehe?

Nilikwenda pia kwa paroko. Hakunisukuma upande wowote. Alisema matangazo yanaweza kusogezwa hata mwaka mzima na Kanisa halitaona ubaya, na kwamba heri harusi iliyoahirishwa kuliko viapo vilivyotolewa kwa aibu ya kamati. Alinikumbusha kwamba kwetu sisi Wakatoliki ndoa ikishafungwa na kukamilika hakuna talaka. Rafiki yangu mmoja anayesoma sheria naye ameniambia kwamba hata serikalini, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mtu kuomba talaka kabla ndoa haijatimiza miaka 2, isipokuwa kwa kibali cha mahakama. Akaniambia vilevile kwamba sheria hiyo inatoa nafasi ya kudai zawadi zilizotolewa kwa matarajio ya ndoa ambayo haikufungwa. Hilo la kudai sitaki hata kulisikia. Likivunjika, blanketi la bibi libaki kwa bibi.

Tatizo langu na kuahirisha ni kwamba sijui niseme nini. Watu wametoa michango yao, wengine kwa kujinyima. Mama ameshaanza kuulizia mbuzi wa ndafu. Nikisema "tumeahirisha" bila sababu, hadithi zitatungwa, na zote zitamwangukia yeye: kwamba ni mgonjwa, kwamba ana mimba ya mtu. Nikisema sababu, nimeiuza siri ya mtu aliyeniamini. Nikisema ni mimi sijawa tayari, ndugu zake wataona nimewachezea binti yao, na wana haki ya kukasirika.

Na tatizo langu na kuendelea ni hili. Katika kazi yangu, ukichomelea chuma juu ya kutu bila kupitisha grainda kwanza, kiungo kinashika siku ile, unapiga rangi, mteja anafurahi na kuondoka. Kinaachia baadaye, geti likiwa limeshafungwa na watu wanapita chini yake. Naogopa kwamba nikiharakisha kusema "nimekusamehe" kwa sababu ya tarehe ya ukumbi, siku moja tutagombana kwa jambo dogo, chumvi au hela ya shule, na mimi nitalitoa lile la Mwanza mbele ya watoto. Simu yake ikilia sasa hivi, macho yangu yanakwenda kwenye kioo kabla sijajua nimeangalia. Yeye ameliona hilo. Juzi alinipa namba ya siri ya simu yake bila kuombwa. Niliikataa. Sitaki ndoa ya kukagua simu, lakini pia sijui kama nina nguvu ya kutokagua.

Mwenzangu hanisukumi. Tangu siku ile hajanidai jibu. Aliniambia kwamba akiachwa hatamlaumu mtu, ila hakuweza kusimama altareni akijua mimi naapa kwa mtu nisiyemjua. Nilimuuliza kwa nini hakukaa kimya, maana mambo yalikuwa yameisha na nisingejua kamwe. Akasema, "Wewe usingejua, mimi ningejua kila siku." Kuna siku naona maneno hayo ni ya mtu wa kuoa, mtu ambaye hata akikosea hatanificha. Kuna siku naona ametua mzigo wake akanibebesha mimi, yeye sasa analala na mimi silali. Nawaomba mnisaidie hasa hapo, kwa sababu uamuzi wangu wote unategemea nitakavyouona ule ukweli wake.

Ninampenda. Hilo sijalitia shaka hata siku moja, na ndilo linalonichosha, kwa sababu kama mapenzi yangekufa ningeshafanya uamuzi. Ninachotafuta si mtu wa kuniambia "wanawake ndivyo walivyo", wala "samehe saba mara sabini" halafu basi. Maandiko nayajua. Nataka kusikia kutoka kwa waliopita hapa.

Kwa wale mliosamehe kabla ya ndoa, mkafunga: je, kuna siku shaka iliisha, au mlijifunza tu kuishi nayo? Mlifanya nini, mbali na kusubiri? Je, mliwaambia wazazi, au mlilibeba wawili tu, na uamuzi huo umewasaidia au umewatesa? Na wale mlioahirisha harusi michango ikiwa imeshatolewa, mlisemaje kwenye kamati ili mwenzenu asichafuke? Mlirudisha hela za watu, au mliomba zikae mpaka tarehe nyingine? Hata wewe uliyekiri ukasamehewa, ningependa sana kukusikia. Niambie ni kitu gani mwenzio alikifanya kikakusaidia kubaki mwaminifu, na ni kitu gani alikifanya kikakufanya utamani usingesema.

Shangazi, kamati inakaa tena wiki ya pili ya Novemba kupitisha bajeti ya mwisho. Baada ya kikao hicho hela ya ukumbi na ya vyakula inalipwa yote. Kwa hali nilivyo leo, naelekea kuwaomba tusogeze mpaka baada ya Pasaka, tuendelee na mafundisho, na mimi nipate muda wa kuzungumza na paroko tukiwa wote wawili. Lakini sijamwambia mwenzangu bado, kwa sababu naogopa atalisikia kama neno la kuachwa lililotiwa sukari. Nianze vipi mazungumzo hayo naye, kabla sijakwenda kwa baba mdogo?

Ni mimi,
Fundi wa kuchomelea, Arusha